Zawadi ya Krismasi ikiwa mbovu, duka lirudishe pesa

KILA Desemba, mabasi yanayotoka Nairobi kuelekea Kitale, Kakamega na Kisii huondoka yakiwa yamesheheni mizigo. Zamani mizigo hiyo ilikuwa mikate, sukari, majani chai na nguo za watoto. Siku hizi wana na mabinti wanaofanya kazi mjini wamejifunza kuwapelekea wazazi vifaa vya kazi: taa za sola, redio, mashine ndogo za kukatakata nyasi za ng'ombe na, zaidi ya vyote, pampu za mgongoni za kunyunyizia dawa zinazotumia betri. Ni zawadi ya busara. Mzazi ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisukuma mkono wa pampu kutwa nzima hupumzisha bega lake, na shamba hunyunyiziwa kwa nusu ya muda.

Lakini zawadi ya aina hii ina kalenda yake, na kalenda hiyo haimpendelei mkulima. Pampu hununuliwa Desemba 22, hukabidhiwa Desemba 25 mbele ya jamaa wote, kisha huwekwa juu ya kabati ikiwa bado ndani ya boksi. Mahindi ya Trans Nzoia hupandwa Machi na Aprili. Kwa hivyo siku ya kwanza pampu kujazwa dawa ni mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, wakati mimea imefika magotini na viwavijeshi vamizi, wadudu walioingia nchini 2017, wameanza kutoboa majani. Swichi hubonyezwa, mota hunguruma kidogo, ukungu wa dawa hutoka kwa dakika chache, kisha kimya.

Kinachofuata kinajulikana na wengi. Mama humpigia simu mwanawe. Mwana hutafuta risiti na kukuta karatasi nyeupe, kwa maana maandishi ya mashine za risiti hufifia kwa joto na muda. Akienda dukani huambiwa siku saba za kurudisha zilipita zamani. Akisisitiza, huonyeshwa kibao ukutani: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Na akiendelea kusisitiza, muuzaji huuliza swali ambalo si la kipuuzi hata kidogo: "Mama aliichaji lini mara ya mwisho?"

Swali hilo lina uzito kwa sababu nyingi ya pampu hizi hutumia betri ya asidi na risasi, ya aina ile ile ya betri ya gari ila ni ndogo. Betri ya namna hiyo hupoteza chaji polepole hata ikiwa imezimwa, na ikiachwa tupu kwa miezi kadhaa huharibika ndani kiasi kwamba haishiki moto tena. Ikiwa ilikaa tupu kwenye rafu ya duka tangu Julai, kosa ni la muuzaji. Ikiwa ilikaa tupu juu ya kabati tangu Krismasi hadi Mei, kosa ni la aliyeiweka. Mei inapofika, hakuna fundi anayeweza kuitazama betri iliyokufa na kuapa ilianza kuugua wapi. Hapo ndipo haki ya mkulima hupotelea, na haipotei kwa kukosa sheria.

Sheria ipo, tena si ya juzi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyo Sura ya 31 ya sheria za Kenya na iliyotungwa enzi za ukoloni, inachukulia kwamba mfanyabiashara anayeuza bidhaa anazoshughulika nazo ametoa ahadi hata kama hakufungua kinywa. Ameahidi kwamba bidhaa ina ubora unaofaa kuuzwa. Na iwapo mnunuzi alimweleza kazi anayokusudia kuifanyia bidhaa hiyo na kutegemea ujuzi wake, ameahidi pia kwamba itaifaa kazi hiyo. Pampu isiyoweza kumaliza robo ekari haijatimiza ahadi yoyote kati ya hizo.

Vipi basi kuhusu kile kibao? Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 ilikivua nguvu. Inasema kwamba maneno yoyote yanayonuia kufuta au kupunguza ahadi hizo kwa mtumiaji ni batili. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora wa kuridhisha na haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na ubovu wa bidhaa. Nayo Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mteja kuhusu haki au dhamana aliyo nayo, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamishi ya namna hiyo. Mwenye duka anayemwambia mteja aliyeuziwa kifaa kibovu kwamba hana haki ya kudai chochote kwa kuwa kibao kimesema hivyo, anajiweka pabaya kuliko anavyodhani.

Haki itendeke pia kwa mwenye duka. Kibao hicho kina kazi moja iliyo halali, nayo ni kumzuia mteja aliyebadili nia. Mzee aliyeletewa buti za mpira za nambari nane ilhali anavaa kumi hana dai lolote la kisheria, na wala hana dai mama ambaye hakupenda rangi ya leso. Duka likikubali kubadilisha, ni hisani na biashara nzuri, basi. Wateja wengi huchanganya mambo haya mawili, na ni kweli kwamba baadhi yao humrudishia muuzaji kitu kizima kwa kisingizio cha ubovu baada ya sherehe kwisha. Muuzaji ana kila sababu ya kukikagua kabla ya kutoa pesa.

Vilevile, haki ya kukataa bidhaa na kurudishiwa pesa zote haidumu milele. Mnunuzi akikaa nayo kupita muda wa kadiri bila kumwarifu muuzaji kwamba ameikataa, sheria huhesabu kuwa ameipokea. Baada ya hapo bado anaweza kudai fidia ya ubovu, lakini hawezi tena kuiweka mezani na kusema, nipeni pesa zangu. Sheria haikutaja idadi ya siku. Muda wa kadiri hutegemea bidhaa na mazingira yake, na katika mwanya huo ndimo maduka yamechomeka siku zao saba. Siku saba za duka haziwezi kufuta ahadi ya sheria, ila miezi minne ya ukimya wa mteja inaweza kumponza mbele ya hakimu.

Ndiyo maana siku muhimu kuliko zote katika jambo hili ni Desemba 26. Siku hiyo aliyenunua na aliyepewa wako boma moja, boksi bado jipya, risiti bado inasomeka na duka bado linakumbuka. Pampu iliyochajiwa usiku wa Krismasi inaweza kujazwa maji matupu asubuhi yake, ikanyunyiza kwenye boma au bustani ya mboga hadi betri iishe. Jaribio la dakika mbili pale kaunta halitoshi, kwa sababu betri dhaifu huanza vizuri kisha huzimia njiani. Ni jaribio la saa kadhaa linaloonyesha ikiwa betri inashika chaji, ikiwa mpira wa kifuniko unavujisha maji mgongoni na ikiwa nozeli inatoa ukungu au inadondosha matone. Taa ya sola nayo yafaa iachwe iwake usiku kucha. Mashine ya nyasi ilishwe mabua makavu ya mahindi, si majani laini peke yake.

Kuna faida nyingine ya Desemba 26 ambayo ni ya hesabu tupu. Aliyeleta zawadi atarudi mjini baada ya Mwaka Mpya. Nauli yake ameshaipanga. Akirudi na pampu mbovu chini ya kiti chake, gharama ya kuirudisha dukani ni ndogo sana. Kitu kile kile kikisubiri hadi Mei, itabidi kisafirishwe kama kifurushi, au mama apande basi mwenyewe. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni takriban kilomita 380. Kwa pampu ya Sh4,500, safari ya kwenda na kurudi pamoja na siku mbili nje ya shamba ina uwezo wa kumeza sehemu kubwa ya pesa zinazodaiwa, na wengi hukata tamaa papo hapo. Wauzaji wachache wasio waaminifu hutegemea hesabu hiyo hiyo.

Hata hivyo, si lazima bidhaa yenyewe ifike dukani ndipo haki ihifadhiwe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema mnunuzi mwenye haki ya kukataa bidhaa aliyoletewa halazimiki kuirudisha mwenyewe; inatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Ujumbe mfupi wa simu uliotumwa Desemba 26, ukitaja kifaa, tarehe ya ununuzi, ubovu uliopatikana na kwamba pesa zinatakiwa zirudishwe, ni ushahidi unaosimama. Simu ya sauti isiyorekodiwa huishia kuwa neno la mtu dhidi ya neno la mwingine. Video fupi ya pampu ikizimika inasaidia zaidi.

Zawadi ina utata mwingine usiokuwepo mtu anapojinunulia kitu. Mkataba wa mauzo ni kati ya duka na yule aliyelipa. Mama aliyepewa pampu hakuinunua, na muuzaji mkorofi anaweza kumwambia hivyo. Dai la kurudishiwa bei ya ununuzi ni la mwana. Hivyo basi, ujumbe ufaa utoke kwa mwana, na madai yakifika mbele yafunguliwe kwa jina lake. Risiti nayo ipigwe picha siku ile ile ya ununuzi, kabla maandishi hayajafifia, na nakala itumwe kwa simu ya mzazi. Wengi huona aibu kumwachia mzazi risiti kwa kuwa inaonyesha bei. Aibu hiyo imewagharimu watu pesa nyingi.

Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba pesa fulani zililipwa kwa duka fulani siku fulani. Hausemi zililipia nini. Duka likiuza pampu tano za aina tofauti kwa bei moja, ujumbe huo peke yake hautoshi kumaliza ubishi. Jina la kifaa, aina na nambari yake ya utambulisho viandikwe kwenye risiti kwa kalamu ikibidi. Na mnunuzi akisema pale kaunta kwamba hii ni zawadi ya mkulima, itaanza kazi shambani mwezi wa nne, na maneno hayo yakaandikwa kwenye risiti, muuzaji atapata ugumu kudai baadaye kwamba miezi minne haikuwa muda wa kadiri. Mstari huo mmoja wa wino una thamani kuliko kadi ya dhamana yenye kurasa nne.

Kadi hizo za dhamana zinastahili neno. Duka likiona ubovu, mara nyingi humwelekeza mteja kwa kampuni iliyotengeneza au kuagiza kifaa: "Nenda kwa wenye waranti." Dhamana ya mtengenezaji ni nyongeza. Haiondoi wajibu wa aliyeuza, kwa maana ndiye aliyepokea pesa. Mteja anaweza kukubali kutengenezewa au kupewa kifaa kingine, na mara nyingi hilo ndilo jambo la haraka zaidi kwa mkulima ambaye viwavi havimsubiri. Lakini ikiwa amekataa bidhaa mbovu kwa wakati ufaao, vocha ya kununulia vitu vingine katika duka hilo hilo si marejesho ya pesa, na halazimiki kuipokea.

Upande wa pili wa kaunta kuna mtu ambaye mara nyingi naye ni mdogo. Mwenye duka la pembejeo katika mji wa soko hununua pampu kwa muuzaji wa jumla kwa, tuseme, Sh4,000 na kuiuza Sh4,500. Akirudisha pesa za mteja na kubaki na pampu mbovu isiyopokelewa huko ilikotoka, amepoteza Sh4,000. Itambidi auze pampu nyingine nane, zote nzima, ili faida yake iliyofukiwa na moja ifufuke. Si ajabu basi akibandika kibao. Anayembana si mteja, ni muuzaji wa jumla ambaye naye amechapisha maneno yale yale chini ya ankara yake.

Tofauti ni kwamba kati ya wafanyabiashara wawili, maneno hayo yanaweza kuwa na nguvu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inaruhusu watu wanaofanya mkataba kukubaliana kuziondoa zile ahadi, na kinga ya 2012 iliwekwa kwa ajili ya mtumiaji. Mwenye duka anayetia sahihi ankara ya kutorudisha bidhaa amekubali kuwa ukuta ambao hasara yote itagonga: hawezi kumkatalia mkulima, wala hawezi kumrudishia aliyemuuzia. Na anayenunua shehena ya Desemba bila ankara yoyote, kwa kuwa bei ni nafuu kidogo, yuko mahali pabaya zaidi, maana hana hata karatasi ya kuonyesha alinunua kwa nani.

Nguvu ya mwenye duka iko kabla ya kulipa. Anayeagiza pampu 30 mwezi wa Novemba anaweza kudai iandikwe kwamba zenye ubovu zitapokelewa hadi mwisho wa Mei, na akikataliwa aulize kwa mwingine. Maduka manne au matano ya mji mmoja yakiagiza pamoja, sauti yao husikika. Mzigo ukifika, afungue maboksi, achaji betri na kuandika tarehe juu ya kila moja, kisha arudie kila baada ya wiki chache zikiwa bado rafuni. Kazi hiyo inachukua soketi moja ya umeme na kijana mmoja mwangalifu. Duka lenye kumbukumbu ya tarehe za kuchaji lina jibu la kweli mteja anaporudi Mei, badala ya kubishana.

Wanaposhindwa kuelewana, njia si ndefu kama ilivyokuwa. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya uuzaji wa bidhaa. Sheria inataka madai yaamuliwe ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Kwa pampu moja ya Sh4,500 wengi wataona ni usumbufu, na pengine ni kweli. Lakini barua yenye tarehe, picha ya risiti na kutajwa kwa mahakama hiyo kwa heshima imewahi kufungua droo nyingi za pesa ambazo maneno makali hayakuzifungua.

Mkulima aliyepata hasara shambani anaweza kudai zaidi ya bei ya kifaa, iwapo hasara hiyo ilitokana moja kwa moja na ubovu wake. Kwa bei za mahindi za miaka ya karibuni, magunia mawili ya kilo 90 yakiliwa na viwavi yanaizidi thamani ya pampu. Ila ataulizwa alifanya nini kuzuia hasara hiyo. Aliyeazima pampu ya jirani siku iliyofuata na kuweka kumbukumbu ya gharama ana jibu. Aliyekaa akingoja duka lipige simu huku majani yakitobolewa hana.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mamlaka ya Ushindani huzungumza zaidi na kampuni kubwa, na malalamishi mengi ya vijijini hayaifikii. Ingefaa kila Desemba ipite katika vituo vya mabasi na katika redio za lugha za nyumbani ikisema jambo moja tu, kwamba kile kibao hakihusu bidhaa mbovu. Maafisa wa kilimo wa kaunti, wanaokutana na wakulima Januari kuzungumzia mbegu na mbolea, wangeweza kuwataka waje na pampu zao mpya zikiwa na maji ndani.

Na maduka yanayouza vifaa vya shamba yabadilishe maneno ya kibao kabla ya msimu ujao. Patoshe kuandikwa hivi: kifaa cha shamba kilichonunuliwa kama zawadi kijaribiwe kabla ya Januari 10, na kikiwa kibovu kirudishwe na risiti, pesa zitolewe siku hiyo hiyo. Kufikia Januari 10 wengi wa walionunua watakuwa wamesharejea mjini na mizigo yao, na mwenye duka atakuwa bado na miezi mitatu ya kumkabili muuzaji wa jumla kabla mvua za masika hazijaotesha mahindi.